Ardhi Ikititia, Bima Gani Italipa Nyumba?

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye nyumba, wapangaji na wanaopanga kujenga katika Kaunti ya Nakuru. Yametayarishwa kusomwa kwenye mabaraza ya wadi kabla ya msimu wa mvua.



Mazungumzo ya leo yanahusu karatasi moja. Si hati ya kumiliki ardhi wala ramani ya nyumba. Ni mkataba wa bima ya nyumba, karatasi ambayo wenye nyumba wengi wameiweka kwenye faili bila kuisoma hadi mwisho. Wengine waliichukua kwa sababu benki haikutoa mkopo bila hiyo. Wengine walishauriwa na wakala, wakalipa, wakapewa risiti, wakaendelea na shughuli zao. Wote hao hujiona wamekingwa. Kisha mvua inanyesha wiki tatu mfululizo, ardhi inafunguka kando ya msingi, ukuta unapasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, na kampuni inajibu kwamba hasara ya aina hiyo haimo kwenye mkataba.

Mara nyingi jibu hilo si hila. Limeandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, katika ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Kwa hivyo ujumbe wa baraza hili ni mmoja: mwenye nyumba aulize kuhusu ardhi kutitia kwa jina lake, na apewe jibu kwa maandishi, kabla ya shimo kutokea. Serikali ya kaunti haiuzi bima na haipendekezi kampuni yoyote. Linalofanywa hapa ni kueleza maneno ya kutafuta na maswali ya kuuliza.

Kwa nini ardhi hufunguka

Kaunti hii imekaa ndani ya Bonde la Ufa. Milima ya volkano kama Menengai, Longonot na Eburru ilirusha majivu na mawe mepesi juu ya eneo hili kwa maelfu ya miaka. Udongo uliotokana na majivu hayo ni mwepesi, una nafasi nyingi ndani yake, na husombwa na maji kwa urahisi. Chini yake kuna nyufa za zamani kwenye miamba, nyingi zikiwa zimejaa majivu hayo hayo. Mtu akitembea juu haoni chochote.

Mvua kubwa ikinyesha, maji hutafuta njia ya kwenda chini. Yakiipata kwenye ufa wa zamani, hubeba udongo chembe kwa chembe na kuacha uwazi. Juu, nyasi zinaendelea kumea na watoto wanaendelea kucheza. Uwazi unapanuka mwaka baada ya mwaka hadi siku ambapo ardhi iliyobaki juu haiwezi tena kujibeba. Hapo ndipo shimo hutokea kwa dakika chache, ingawa limekuwa likiandaliwa kwa miaka.

Wengi wanakumbuka Machi 2018, wakati ufa mkubwa ulipoikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok karibu na Suswa baada ya mvua nyingi. Picha zake zilizunguka duniani kote, na zikafuatwa na habari kwamba bara la Afrika linapasuka vipande viwili. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa linapanuka, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Wanajiolojia kadhaa walieleza kwamba kilichoonekana siku zile kilitokana zaidi na maji ya mvua yaliyosomba majivu yaliyokuwa yamejaza ufa wa kale.

Binadamu naye huchangia. Maji ya paa yanayomwagwa kwenye sehemu moja kila mvua, bomba linalovuja chini ya sakafu, choo cha shimo kilichochimbwa karibu na ukuta, kisima kilichoachwa, machimbo ya mawe yaliyofukiwa taka kisha yakauzwa kama ploti: yote haya huweza kuondoa udongo chini ya nyumba. Jambo hili lina uzito katika bima, kwa sababu swali la kwanza la kampuni baada ya hasara ni hili: chanzo chake ni nini?

Bima ya kawaida hulipia nini

Bima ya nyumba inayouzwa nchini Kenya kwa kawaida huja kama kifurushi chenye sehemu kadhaa. Kuna sehemu ya jengo lenyewe. Kuna sehemu ya vyombo vya ndani. Kuna sehemu ya vitu vinavyobebwa nje ya nyumba, kama simu na kompyuta ndogo. Kuna sehemu ya wafanyakazi wa nyumbani wakiumia kazini, na sehemu ya dhima, yaani mwenye nyumba au mkaaji akidaiwa na mtu aliyeumia kwenye boma lake. Mtu anaweza kununua sehemu zote au baadhi. Aliyelipia vyombo pekee hana bima ya ukuta hata tofali moja.

Sehemu ya jengo hutaja majanga yanayolipwa. Orodha ya kawaida ina moto, radi, mlipuko, tetemeko la ardhi, dhoruba, mafuriko, mabomba kupasuka, gari kugonga jengo, na wizi wa kuvunja. Mkazi akisoma neno tetemeko la ardhi hudhani ardhi kutitia imo humo. Haimo. Tetemeko ni mtikisiko wa miamba. Kutitia ni ardhi kuzama kwa sababu kilicho chini yake kimeondoka. Katika bima hayo ni majanga mawili tofauti, na ya pili mara nyingi huwa kwenye orodha ya yasiyolipwa, au hulipwa tu ikiwa mwenye nyumba ameiomba kama nyongeza na kuilipia zaidi.

Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo inafaa kuyajua maneno ya kutafuta. Neno subsidence ni ardhi kutitia au kudidimia. Neno landslip ni maporomoko ya ardhi. Neno heave ni ardhi kuvimba na kusukuma jengo juu, jambo linalotokea kwenye udongo mweusi unaovimba ukipata maji na kunywea ukikauka. Neno settlement ni nyumba mpya kukaa chini kidogo kwa uzito wake, na hilo kwa kawaida halilipwi hata mtu akiwa na nyongeza.

Kuna mambo mengine ambayo kampuni kwa kawaida hazilipi: uchakavu, ujenzi mbovu, msingi uliochimbwa kifupi, ramani yenye kasoro, na hasara inayokuja pole pole kwa muda mrefu. Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza wengi. Ufa uliokuwa ukipanuka kwa miaka miwili unaweza kuhesabiwa kuwa hasara ya pole pole, hata kama ukuta wenyewe ulianguka usiku mmoja.

Funzo kutoka Florida

Mahali ambapo jambo hili limepimwa kwa sheria hadi neno la mwisho ni jimbo la Florida, Marekani. Huko mwamba wa chini ni chokaa. Maji ya mvua, yenye asidi kidogo, huuyeyusha mwamba huo na kuacha mapango, na mashimo hufunguka chini ya nyumba na barabara. Mnamo Februari 2013, katika mji wa Seffner karibu na Tampa, shimo lilifunguka usiku chini ya chumba cha kulala na kummeza mwanamume aliyekuwa amelala. Mwili wake haukupatikana.

Sheria ya Florida hutenganisha bima mbili ambazo mtu wa kawaida angedhani ni moja. Ya kwanza ni bima ya ardhi kuporomoka kwa janga kubwa. Kila kampuni inayouza bima ya nyumba katika jimbo hilo lazima iijumuishe. Lakini ili ilipe, mambo manne lazima yatimie kwa pamoja: ardhi iwe imeporomoka ghafla, shimo lionekane wazi kwa macho, jengo na msingi wake ziwe zimeharibika kimuundo, na mamlaka ya serikali iwe imeamuru nyumba ihamwe kwa kuwa haifai kukaliwa. Likikosekana moja, bima hiyo hailipi.

Ya pili ni bima ya hasara ya shimo la kutitia. Hii kampuni lazima iwe nayo kwa anayeitaka, lakini mwenye nyumba huilipia zaidi, na kampuni inaweza kutaka kuikagua nyumba kwanza. Hii ndiyo inayomfaa mtu ambaye nyumba yake imepasuka na msingi umeharibika lakini bado inakalika. Anayechagua bima hii hukubali pia kubeba sehemu ya hasara mwenyewe. Sheria inataja viwango vya asilimia 1, 2, 5 au 10 ya thamani ya nyumba iliyowekewa bima.

Kenya haina sheria kama hiyo ya mashimo. Hapa mkazi anategemea maneno ya mkataba wake na yale aliyoyaomba. Lakini funzo ni lile lile: kuna bima inayolipa nyumba ikiangamia kabisa, na kuna inayolipa nyumba ikiharibika. Nyumba nyingi zinazoguswa na ardhi kutitia haziangamii. Hupasuka, hupinda, milango hukataa kufunga. Anayenunua bima bila kuuliza ni ya aina gani huenda akagundua kwamba nyumba yake haijaharibika vya kutosha kulipwa.

Maswali ya kumuuliza wakala

Mwenye nyumba anayekwenda kwa wakala, kwa dalali wa bima au kwenye dawati la bima la benki yake, abebe maswali haya na ataka majibu yaliyoandikwa.

1. Je, mkataba huu unalipa ardhi ikititia, au umeiondoa? Ikiwa umeiondoa, kuna nyongeza ya kuinunua, na ni kwa bei gani?

2. Je, nyongeza hiyo inalipa nyufa na msingi kuharibika, au inalipa tu jengo likianguka?

3. Je, chanzo kinabadilisha jibu? Maji ya mvua yaliyosomba udongo, bomba lililovuja, choo cha shimo na machimbo ya zamani vyote vitalipwa sawa?

4. Je, mafuriko yakichimba chini ya msingi, hilo litahesabiwa kuwa mafuriko au kutitia? Mtu mwenye bima ya mafuriko bila ya kutitia ataona umuhimu wa swali hili siku ya hasara.

5. Je, ukuta wa boma, geti, tangi la maji, choo cha nje na njia ya gari vimo? Mikataba mingine hulipa vitu hivi tu ikiwa nyumba yenyewe imeharibika kwa wakati huo huo.

6. Je, gharama ya kuimarisha ardhi, kuondoa kifusi, kumlipa mhandisi na kupanga nyumba nyingine wakati wa ukarabati imo?

7. Je, mwenye nyumba atabeba kiasi gani cha hasara mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa?

Swali la sita linahitaji uangalifu. Bima ya jengo hulipia jengo, hailipii ardhi. Shimo likimeza nusu ya ploti na nyumba ikabaki salama, thamani ya ploti iliyopotea hairudishwi na bima ya nyumba. Na nyumba ikiharibika, kuijenga upya juu ya ardhi ile ile bila kuiimarisha ni kupoteza pesa mara ya pili. Ndiyo maana gharama ya kuimarisha ardhi inafaa kutajwa waziwazi.

Wakala akijibu kwa mdomo kwamba kila kitu kimo, aombwe aonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa. Kinachohesabiwa siku ya madai ni karatasi.

Kiasi cha bima na hesabu yake

Wenye nyumba wengi huweka bima ya kiasi kidogo ili walipe kidogo. Wengine huweka bei ya kuuza nyumba pamoja na ploti. Kiasi sahihi ni gharama ya kulijenga jengo upya leo, kwa bei za leo za saruji, vyuma na ufundi, bila bei ya ardhi. Mkadiriaji majengo aliyesajiliwa anaweza kutoa hesabu hiyo.

Ukiwa na bima pungufu, kampuni hutumia kanuni ya uwiano. Chukua mfano. Nyumba ingegharimu shilingi 5,000,000 kuijenga upya, lakini mwenyewe ameiwekea bima ya shilingi 3,000,000. Hiyo ni asilimia 60. Ardhi inatitia na ukarabati unahitaji shilingi 1,000,000. Anadhani atalipwa yote kwa sababu 1,000,000 ni chini ya 3,000,000. Kampuni inamlipa asilimia 60, yaani 600,000. Tuseme mkataba wake unamtaka abebe asilimia 5 ya kiasi cha bima kila ardhi inapotitia. Hiyo ni 150,000. Anabaki na 450,000 za kukarabati hasara ya milioni moja.

Kwa hivyo kabla ya kufurahia bei nafuu, mwenye nyumba apige hesabu hii kwa namba zake mwenyewe. Na kila baada ya miaka miwili au mitatu aiangalie tena, maana bei za vifaa hupanda na mkataba haupandi wenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba sheria ya bima ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kulipwa. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi si bima. Bima huanza malipo yakishafika.

Ufa uliopo usifichwe

Hapa ndipo penye mtihani. Mwenye nyumba ana ufa mdogo sebuleni, au jirani yake alifukia shimo mwaka juzi. Fomu ya bima inauliza kama kuna dalili zozote za ardhi kutitia kwenye nyumba au karibu nayo. Akisema ndiyo, huenda bei ikapanda, au kampuni ikakataa. Akisema hapana, anapata mkataba leo.

Anayesema hapana amenunua karatasi tupu. Bima husimama juu ya ukweli kamili, na mwombaji anatakiwa kutaja kila analolijua ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni. Siku ya madai, mkadiriaji wa hasara ataangalia rangi iliyopakwa juu ya ufa, plasta mpya juu ya ya zamani, na atawauliza majirani. Akithibitisha kwamba ufa ulijulikana na ukafichwa, kampuni inaweza kukataa dai lote, hata baada ya miaka kumi ya malipo.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bima, kuziba ufa kwa plasta kabla ya kujua chanzo chake kunaweza kumgharimu mtu ukuta na fidia pia. Njia bora ni hii. Piga picha ufa ukiwa na rula kando yake na tarehe. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, uone kama zitapita alama baada ya mvua. Kama unapanuka, mwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, au mwanajiolojia aliyesajiliwa, atoe ripoti. Ripoti inaweza kuonyesha kwamba ufa ni wa plasta tu kukauka, na hapo bima inapatikana bila taabu. Inaweza pia kuonyesha hatari halisi, na hilo ni jambo ambalo familia inayolala humo inastahili kulijua, iwe na bima au isiwe nayo.

Asiyepata bima afanyeje

Ni kweli kwamba si kila nyumba itapata bima hii. Nyumba ya mabati au ya udongo, nyumba iliyojengwa bila ramani iliyoidhinishwa, au nyumba iliyo juu ya ufa unaojulikana, inaweza kukataliwa na kila kampuni. Na hata pale inapopatikana, kwa mstaafu mwenye kipato kidogo malipo ya nyongeza huenda yasifae.

Kwa mkazi kama huyo, shilingi ya kwanza iende kwenye maji. Mifereji ya paa ipeleke maji kwenye tangi au mbali na msingi. Bomba linalovuja lirekebishwe siku hiyo hiyo. Choo cha shimo kisichimbwe karibu na ukuta, na shimo la zamani lisifukiwe kwa taka. Njia ya maji ya mvua iliyozibwa na ujenzi wa jirani iripotiwe kwa msimamizi wa wadi. Hatua hizi hazilipi hasara, lakini huondoa chanzo chake, na hata kampuni za bima huziangalia zinapokagua nyumba.

Anayenunua ploti yuko mahali pazuri zaidi, kwa sababu bado hajalipa. Atembee na wazee wa eneo awaulize maji hupita wapi wakati wa mvua kubwa, na kama kulikuwa na machimbo au ufa. Apeleke ramani yake kuidhinishwa na kaunti kama sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inavyotaka, na afanye uchunguzi wa udongo kabla ya kuchimba msingi. Anaweza hata kumwita wakala wa bima kabla ya kununua. Kampuni ikikataa kuweka bima juu ya ploti hiyo, amepata ushauri wa bure.

Mikopo, fleti na wapangaji

Aliyejenga kwa mkopo wa benki anapaswa kujua kwamba bima iliyotakwa na benki inalinda kwanza deni la benki. Fidia huenda kwa benki kabla ya kumfikia. Na nyumba ikititia bila kulipwa na bima, deni linabaki pale pale. Asichanganye bima ya jengo na ile ya mkopo inayolipa mkopaji akifariki. Aombe nakala kamili ya mkataba, kwa sababu wengi wana risiti tu.

Mwenye fleti hana uwezo wa kuuwekea bima msingi peke yake. Chini ya sheria ya mali za sehemu ya 2020, shirika la wamiliki ndilo lenye jukumu la kuweka bima ya jengo. Swali la ardhi kutitia liulizwe kwenye mkutano wa mwaka na liandikwe kwenye kumbukumbu.

Mpangaji naye ana vyombo vyake. Bima ya mwenye nyumba hailipi kitanda wala friji ya mpangaji. Mwenye nyumba za kupangisha naye aulize kama kodi atakayoipoteza nyumba zikihamwa inaweza kuwekewa bima.

Shimo likitokea

Uhai kwanza. Watu na mifugo watoke, gesi na umeme vizimwe ikiwa ni salama kufika pale, na mtu yeyote asisogee ukingoni kupiga picha. Ukingo huendelea kukatika. Nambari za dharura ni 999 na 112, na chifu pamoja na msimamizi wa wadi waarifiwe ili eneo lizungushiwe.

Kisha kampuni ya bima iarifiwe siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Mikataba huweka muda wa kutoa taarifa, na kuchelewa ni sababu rahisi ya kukataliwa. Picha zipigwe kutoka mbali. Shimo lisifukiwe na ukuta usibomolewe kabla ya mkadiriaji kufika, isipokuwa mhandisi au mamlaka imeamuru kwa ajili ya usalama. Maji yanayoelekea shimoni yaelekezwe kwingine, kwa sababu mkataba humtaka mwenye bima azuie hasara isiongezeke. Risiti zote ziwekwe.

Dai likikataliwa, kampuni iandike sababu na kutaja kifungu inachokitegemea. Mwenye nyumba anaweza kupeleka ripoti ya mhandisi wake mwenyewe. Asiporidhika, apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo husikiliza wenye bima. Mamlaka hiyo pia ndiyo inayochapisha orodha ya kampuni, mawakala na madalali wenye leseni. Kabla ya kumpa mtu pesa, jina lake litafutwe humo.

Kazi ya wiki hii

Mvua ya masika huja Machi hadi Mei, na ya vuli Oktoba hadi Desemba. Kampuni haitaki kuuza kinga ya shimo ambalo tayari linaonekana. Basi wiki hii kila mwenye nyumba atoe faili, atafute neno subsidence kwenye mkataba wake, na asome sentensi nzima lilimo. Asipolielewa, ampelekee kijana wake aliye shuleni, au aende ofisi ya kampuni aelezwe. Kisha azunguke nyumba yake nje na ndani, apige picha kila ukuta, na aangalie maji ya paa yanaishia wapi.

Aliye na mkataba unaolipa ardhi kutitia atajua kiasi chake. Asiyekuwa nao atajua kwamba hana, na atakuwa na muda wa kuchagua kati ya kulipia nyongeza, kuelekeza maji kwingine, au kufanya yote mawili.

Maswali yanakaribishwa.